Anayejigamba kujua lugha kumi anajua nini hasa?

MWANAFUNZI wangu mmoja alinijia ofisini majuzi akiwa na simu mkononi. “Prof, hebu mwone huyu,” akaniambia. Kwenye video kulikuwa na kijana Mzungu aliyekuwa sokoni akipatana bei ya maembe kwa Kiswahili. Muuzaji aliangua kicheko, akapiga makofi na kuwaita wenzake waje washuhudie muujiza. Kufumba na kufumbua, kijana yuleyule alikuwa nchi nyingine akizungumza Kiarabu, kisha nyingine tena akizungumza Kichina. Maandishi ya chini yalidai kwamba anajua lugha kumi na mbili, na kwamba Kiswahili alijifunza kwa wiki mbili.

“Mimi nimesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza na bado naogopa mtihani wa sarufi,” mwanafunzi akasema. “Huyu ametumia wiki mbili. Sasa mjinga ni nani hapa?”

Nilimwambia kwamba hakuna mjinga. Linalotuchanganya ni neno moja tu, nalo ni “kujua”. Makala haya yanajadili neno hilo, kwa sababu siku hizi linauzwa. Wapo wanaolipisha watu pesa kwa ahadi kwamba watajua lugha kwa miezi mitatu, na vijana wetu ni miongoni mwa wanunuzi.

Madai ya kujua lugha nyingi si mageni. Kadinali Giuseppe Mezzofanti wa Bologna, Italia, aliyeishi kati ya 1774 na 1849, alisifika kote Ulaya kwa lugha zake. Wageni walifunga safari kwenda kumjaribu. Mwaka wa 1858, Charles William Russell alichapisha wasifu wake. Russell alimstahi sana kadinali huyo, lakini hakuridhika kutaja idadi na kunyamaza. Alizipanga lugha hizo kwa madaraja. Katika lugha 72 alizoorodhesha, aliziweka 30 tu katika daraja la juu, yaani zile ambazo Mezzofanti alikuwa amejaribiwa mara kwa mara na kuzimudu barabara. Nyingine alizizungumza kwa nadra, nyingine alijua sentensi chache, na 14 alizisoma vitabuni tu bila ya mtu kumsikia akizizungumza.

Huo ndio uungwana wa kitaaluma unaokosekana kwenye video nyingi za leo. Russell alijua kwamba “anajua lugha 72” ni sentensi isiyo na maana mpaka useme anajua kufanya nini kwa kila moja.

Ukikataa kusema, ipo siku utaumbuka. Ziad Fazah, aliyezaliwa Liberia na kulelewa Lebanon, aliwahi kutajwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa anazungumza na kuandika lugha 58. Mwaka wa 1997 alialikwa katika kipindi cha runinga nchini Chile, ambako watu wanaozijua baadhi ya lugha hizo walimuuliza maswali. Mrusi alimuuliza jambo jepesi tu kuhusu siku ya leo. Akababaika. Maswali mengine kadhaa pia yalimshinda. Watu wakamcheka, na hadi leo wanaendelea kumcheka kwenye intaneti.

Mimi simcheki. Lugha hulala usipoitumia, na kila aliyewahi kuishi ng’ambo akarudi anafahamu hilo. Kosa lilikuwa kuzihesabu lugha zilizolala pamoja na zilizo macho.

Kwa nini video za leo haziumbui mtu kama kipindi kile? Sababu ni tatu. Kwanza, anayepiga video ndiye anayechagua sehemu ya kuonyesha. Dakika tisa za kubabaika hukatwa, ikabaki moja ya ushindi. Pili, mazungumzo ya sokoni yanatabirika: jina lako nani, unatoka wapi, hii ni bei gani, umejifunzia wapi Kiswahili? Mtu akikariri majibu manne, amepita. Tatu, yeye ndiye anayeuliza. Anayeuliza huongoza mazungumzo, na akijibiwa asichokielewa hutabasamu tu na kuuliza jingine.

Hebu sasa tutumie vipimo vinavyotambulika. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka wa 2001 mfumo wa viwango sita, kuanzia A1 hadi C2. Uzuri wake ni kwamba humpima mtu kwa yale anayoweza kutenda: kusalimia na kujitambulisha, kusimulia, kutetea hoja, kuelewa kinachodokezwa bila kutajwa. Mengi tunayoyaona sokoni kwenye video yako katika ngazi ya kwanza au ya pili. Si aibu kuwa huko. Sote tulipitia huko. Aibu ni kusimama kwenye ngazi ya pili na kutangaza kwamba umefika darini.

Kuhusu muda, taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani, FSI, imewahi kukadiria kwamba Mwamerika anayejua Kiingereza huhitaji wiki 36, sawa na saa 900 za darasani, ili kufikia kiwango cha kukitumia Kiswahili kikazi. Kichina na Kiarabu hukadiriwa kuchukua saa 2,200. Wiki 36 kwa saa 900 ni saa 25 kila wiki. Kwa hesabu hiyo, miezi mitatu ni kama saa 300, yaani thuluthi moja. Na hao ni watu wazima wenye walimu, wanaolipwa mshahara ili wasome. Wiki mbili ni saa 50. Kwa saa 50 unaweza kununua embe. Huwezi kumtetea mshtakiwa mahakamani.

Wapo watakaoniambia, “Profesa, acha wivu. Hawa wanaitangaza lugha yetu.” Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Mgeni anayejitahidi kusema “habari ya asubuhi” ametuheshimu kuliko yule aliyeishi Nairobi miaka ishirini bila kujali kujifunza lolote. Tena kuna jambo linalotupasa kukiri. Kijana wa video akisema “kikombe yangu imevunjika”, tutamkosoa kwa upatanisho wa ngeli. Lakini panda matatu yoyote mjini Nairobi usikilize. Utawasikia Wakenya waliozaliwa hapa wakisema vivyo hivyo, na hakuna anayedai hawajui Kiswahili. Kwa hivyo sarufi peke yake haitoshi kuwa mizani.

Tofauti iko wapi basi? Iko kwenye mambo ambayo Mkenya huyo wa matatu huyafanya bila hata kufikiri. Anaelewa makondakta wawili wakigombana, ingawa hawasemi naye na hawapunguzi kasi kwa ajili yake. Akiambiwa “njoo saa mbili”, anajua kama ni asubuhi au usiku kwa kumtazama tu msemaji. Anajua ni nani wa kuamkiwa “shikamoo” na ni nani atakayekasirika akiamkiwa hivyo. Akienda matangani, anajua la kusema, la kutosema, na wakati wa kunyamaza. Mpeleke yule kijana wa video matangani, bwana, kisha uniambie alijua Kiswahili kiasi gani.

Hapa ndipo ninapofikia lile linaloniuma zaidi. Nenda Busia umtafute mama anayeuza samaki. Atazungumza Kisamia nyumbani, Kiteso na mteja huyu, Kiganda na wa ng’ambo ya mpaka, Kiswahili na askari, na Kiingereza cha kumwezesha kusoma barua ya shule ya mwanawe. Nenda Moyale utakutana na dereva wa lori anayetumia Kiborana, Kisomali, Kiamhari na Kiswahili kwa siku moja. Hakuna anayewapiga video. Mwanafunzi wangu mwenyewe nilipomuuliza anajua lugha ngapi, alijibu, “Mbili, Prof. Kiingereza na Kiswahili.” Nilipomdadisi, kumbe anazungumza lugha ya mama yake, anaielewa ya baba yake, na Sheng’ anaimudu kama maji. Jumla ni tano. Tatu hakuzihesabu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hizo nazo ni lugha.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Lakini kijana hawezi kuthamini kile ambacho hata kukihesabu hakihesabu. Anamshangilia mgeni mwenye lugha kumi na mbili za juujuu, huku akizifukia zake tatu alizozipata bila kulipa senti.

Wanaopenda mgeni wa kuiga ninawapa Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Waliomfuata walizikosoa kazi zake. Lakini Krapf hakukomea kwenye miezi ile ya mwanzo. Aliendelea kukusanya maneno kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, yeye akiwa ameshafariki. Kutoka 1844 hadi 1882 ni miaka 38. Haraka yake imesahaulika, ila kamusi bado tunaifungua.

Mwanafunzi wangu aliniuliza swali la mwisho kabla ya kuondoka. “Lakini Prof, mbona yule muuzaji alimsifu hivyo?”

Nilimweleza kwamba Mkenya humwambia mgeni “unaongea Kiswahili vizuri sana” kwa sababu ya adabu, kama vile humwambia “karibu chakula” hata sufuria ikiwa tupu. Hiyo ni heshima, wala si alama ya mtihani. Isitoshe, sifa hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba bado anasikika mgeni. Mama wa Busia hajawahi kusifiwa Kiganda chake hata siku moja. Wateja wake hawana habari nacho. Wao hubishana naye tu kuhusu bei ya samaki.