Kimeng'enya "Kilichogandishwa": Neno Lisilofaa

Mtafsiri anayetafuta istilahi ya kimeng'enya kilichowekwa mahali pamoja ndani ya polima huvutwa upesi na kitenzi "kugandisha". Ni chepesi kunyambulika, nacho kina sura ya kitaalamu. Hata hivyo hatuna budi kukikataa, wala sababu yake haiko madarasani tu.

Tuchukue vijikaratasi vya kupimia sukari katika damu. Ncha yake hubeba kimeng'enya kikavu, kwa mfano glukosi oksidesi, mara nyingi pamoja na polima. Muuguzi wa Mpwapwa au Manyoni, ambako joto la mchana mwezi Novemba huweza kupita nyuzi 30, ana haki ya kuhofia joto hilo. Akisoma kwamba kimeng'enya "kimegandishwa", atashawishika kuviweka vijikaratasi katika friza, ilhali hutakiwa kukaa pakavu, ndani ya kopo lililofungwa, bila kugandishwa. Kijikaratasi kilichoharibika huweza kutoa kipimo cha uongo, na kwa kipimo hicho mgonjwa huchomwa insulini.

"Kuzima" na "kufisha" ni vibaya zaidi, kwani vinakanusha jambo lenyewe. Mwaka 1967, ambao ndio mwaka lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, Updike na Hicks wa Marekani walieleza glukosi oksidesi iliyonaswa ndani ya jeli ya poliakrilamaidi juu ya elektrodi ya oksijeni. Molekuli ya kimeng'enya ni kubwa, haiponyoki. Glukosi na oksijeni ni ndogo, hupenya zikageuzwa, na mazao yake yakatoka. Mfugaji wa Ugogo anaujua mfano huu: zizi la miiba huzuia ng'ombe lakini upepo hupita, na ng'ombe aliye zizini hukamuliwa vilevile.

(Yupo atakayesema kwamba hata "kimeng'enya" kina kasoro, kwa kuwa hiki hakiimeng'enyi glukosi bali huioksidisha. Ni kweli, lakini neno limekwisha zoeleka shuleni, na kulibadili kungeleta hasara kuliko faida.)

Napendekeza "kushikiza" kwa dhana pana, maana kimeng'enya huweza pia kuambatishwa juu ya uso wa kitu bila kuzingirwa; na "kunasa" kwa kule kuzingirwa na polima peke yake. Polima yenyewe tuiite "wavu" badala ya "mtandao". Matundu ya wavu mwanafunzi anayaona, na matundu ndiyo kiini cha dhana. "Mtandao" siku hizi humpeleka moja kwa moja kwenye kompyuta.