Fundi na Milisekunde 11

Wapo mafundi wa kompyuta wanaojua bei ya kila kitu sokoni, na wapo wachache wanaojua kompyuta inasubiri nini. Makala hii ni ya hao wachache. Ustadi wao huonekana vizuri zaidi pale mteja anapoleta kompyuta ya miaka mingi, ana akiba ndogo, na anataka iendeshe miwani ya uhalisia pepe.

Uhalisia pepe hauna huruma. Anayecheza gemu mbele ya skrini ya kawaida, picha ikikwama kidogo, hukunja uso na kuendelea. Aliyevaa miwani akigeuza kichwa na picha ikachelewa, macho humwambia hajageuka huku sikio la ndani likimwambia ameshageuka. Mwili huchanganyikiwa, kichefuchefu huanza. Ndiyo maana miwani ya Oculus Rift, iliyotoka Machi 2016, iliundwa ionyeshe picha mara 90 kwa sekunde. Gawanya sekunde kwa 90, unapata milisekunde 11 na kidogo. Ndani ya muda huo prosesa ipange kila kilichomo katika tukio, kisha kadi ya picha ichore mara mbili, jicho la kushoto na la kulia. Skrini za miwani ile zina jumla ya nukta 2160 kwa 1200, maana yake zaidi ya nukta milioni 233 kila sekunde. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, kwa picha 60 kwa sekunde, huhitaji milioni 124.

Oculus walitaja kompyuta waliyoipendekeza kwa kazi hiyo: prosesa ya Intel Core i5-4590, kadi ya NVIDIA GTX 970 au AMD R9 290, na RAM ya GB 8. Mwaka ule kadi hizo zilikuwa ghali. Lakini ile i5-4590 ilikuwa prosesa ya kawaida kabisa ya maofisini, na leo kompyuta za kizazi chake ziko tele kwenye maduka ya mtumba, Kariakoo na hata Nairobi, ambako huitwa ex-UK. Zimetolewa ofisini kwa sababu hazimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi Oktoba 14, 2025. Kwa mhasibu zimekwisha. Kwa fundi ninayemsifu hapa, nusu ya kazi imeshafanyika.

Jambo la kwanza analofanya ni kufungua kasha na kutazama bila kugusa. Kama fundi cherehani anayegeuza koti la baba limfae mwana, anasoma mishono kabla ya kushika mkasi. Kasha ni refu au ni lile jembamba linalopokea kadi za nusu kimo tu? Kutoka nafasi ya kadi hadi kizimba cha diski kuna sentimita ngapi? Pawa saplai ina kibandiko kinachosema wati ngapi, na ngapi kati ya hizo ziko kwenye volti 12, ambako kadi ya picha hunywa?

Hapo kwenye umeme ndipo ninapoupenda uangalifu wake kuliko kwingine. Nafasi ya kadi kwenye bodi kuu hutoa wati 75. Waya wenye pini 6 huongeza 75, wenye pini 8 huongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya hizo kabisa, na baadhi ya watengenezaji wamebuni vichwa vyao vya waya, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta maalumu. Mwenye haraka hununua waya wa bei rahisi unaotoa umeme wa kadi kwenye plagi ya SATA, ile ya diski. Fundi wetu anakataa, na hesabu yake ni fupi: pini tatu za volti 12 kwenye plagi hiyo zimeidhinishwa kubeba ampea 1.5 kila moja, yaani wati 54 kwa jumla. Ukizidai 75, plastiki inaweza kuyeyuka. Heri apunguze fedha za kadi ili pawa saplai iwe ya kuaminika. Mteja hataiona tofauti hiyo machoni, na wala hatalipia nyumba iliyoungua.

Kisha anapima, na kipimo chenyewe hakigharimu hata senti. Anaomba miwani, anawasha gemu ambalo mteja analipenda, anafungua grafu ya muda wa fremu iliyomo ndani ya programu ya SteamVR. Halafu anashusha ukubwa wa picha hadi nusu na kutazama. Milisekunde zikipungua sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, maana imepunguziwa nukta za kuchora. Zikibaki palepale, kadi haina kosa. Prosesa ndiyo inayochelewesha kazi, kwa kuwa mzigo wake hautegemei wingi wa nukta. Jaribio hili moja limeokoa fedha nyingi ambazo zingekwenda kwenye kifaa kisichohusika.

Ikiwa ni prosesa, hakimbilii bodi mpya. Anajua kwamba Core i7-4790 hukaa kwenye soketi ileile ya i5-4590, na kwamba ingawa zote zina viini vinne, ya kwanza huwezesha kila kiini kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Anahakikisha kwanza kwamba BIOS ya bodi inaitambua. Anasafisha vumbi la miaka, anafuta gundi ya joto iliyokauka, anapaka mpya kwa kiasi. Anatazama RAM pia: kompyuta za ofisi mara nyingi huja na kipande kimoja. Kipande cha pili kinachofanana nacho huongeza ujazo na hapohapo hufungua njia ya pili ya kupitishia data.

Ikiwa ni kadi, anajua historia. Juni 2016 AMD walitoa RX 480 kwa bei iliyoanzia dola 199, na walisema waziwazi kwamba wanataka kuufikisha uhalisia pepe kwa watu wa kawaida. Mwezi uliofuata NVIDIA walijibu kwa GTX 1060, inayotumia wati 120. Kwenye hiyo kuna mtego: ya GB 3 na ya GB 6 zina jina moja, lakini ile ndogo imepunguziwa pia viini vya kuchorea, 1152 badala ya 1280. Muuzaji asiyejua atakwambia tofauti ni kumbukumbu tu. Gemu la Half-Life: Alyx, lililotoka Machi 2020, liliomba angalau GTX 1060 au RX 580 na kumbukumbu ya picha ya GB 6, pamoja na RAM ya GB 12. Ndiyo sababu fundi huisoma kadi ya mtumba kwa programu, haamini kibandiko. Huiendesha kwa mzigo mzito muda mrefu, akisikiliza feni na kufuatilia joto, kabla ya fedha kubadili mkono.

Sehemu ya mwisho haihitaji bisibisi. Miwani ya Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020 kwa dola 299, huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na inaweza kuendeshwa kwa picha 72 kwa sekunde badala ya 90. Kila fremu hapo hupata milisekunde 13.9, karibu tatu zaidi, bila kununua chochote. Katika gemu, fundi hupunguza vivuli kwanza, kwani ni vizito na jicho huvizoea upesi. Lakini halegezi ulainishaji wa kingo, kwa sababu kingo zinazometameta karibu na jicho huchosha kuliko kivuli kilichofifia.

Anapofanya hivyo anafuata nyayo za wahandisi wenyewe. Mwaka 2015 Alex Vlachos wa kampuni ya Valve alieleza kwamba kuna sehemu za picha ambazo jicho haliwezi kuziona kupitia lenzi, na kwamba kuziacha bila kuchora huokoa karibu asilimia 17 ya nukta. Mwaka 2016 Oculus walileta mbinu ya kuchora fremu 45 za kweli na kukadiria zinazobaki. Ikawawezesha kushusha sharti lao hadi GTX 960. Walioijenga teknolojia hii, kama fundi wa Kariakoo, walipiga hatua kwa kukataa kufanya kazi isiyoonekana.

Mashine ikikaa sawa, anamwambia mteja ukweli wote. Windows yake haihudumiwi tena rasmi, basi iwe ya magemu tu, isiguse mambo ya benki. Na grafu ikitulia chini ya milisekunde zinazoruhusiwa, anaacha. Akiba ikibaki, anairudisha. Angeweza kushawishi iongezwe diski ya kasi zaidi au feni zenye taa, na mteja angekubali kwa furaha.

Vijana wengi wanaojifunza kazi hii huanza na majina ya vifaa, kisha bei, na kupima huja mwisho kama kukikumbukwa. Ningependa wafundishwe kwa mpangilio wa fundi huyu: pima, elewa kinachosubiriwa, ndipo ununue. Kadi za leo zitachakaa na miwani itabadilika, lakini anayejua kuuliza milisekunde zinapotelea wapi hatakosa kazi, wala mteja wake hatapoteza fedha.