Wembe Kabla ya Mkasi

Jinzi mbili za mitumba zimetandazwa mkekani, moja bluu iliyokoza, nyingine imepauka magotini. Tuko Kutulo, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda El Wak, na mwenye nyumba anataka kuzigeuza sketi moja ndefu ya bintiye. Msichana anaipenda jinzi kama wenzake wa Nairobi. Ila anaitaka ifike kwenye vifundo vya miguu. Mama amekaa chini, wembe mkononi. Mkasi uko pembeni, na hataugusa kwa zaidi ya saa nzima.

Anaanza na pindo la chini. Limeshonwa kwa mshono wa mnyororo, kwa hiyo anatafuta kwanza ulikoishia, anakata uzi mmoja, anavuta. Pindo lote linaachia kwa mkupuo mmoja. "Ukivutia upande wa pili," ananiambia, "unaukaza."

Mshono wa ndani ya mguu hautoki hivyo. Kitambaa kimekunjwa kikashonwa mistari miwili, na miaka ya kufuliwa imeubana uzi. Hapo ncha ya wembe inapita chini ya uzi wa tundu moja, kisha jingine, bila kukwaruza kitambaa. Kila mshono unapofunguka unajitokeza ukanda mwembamba wa bluu nzito, rangi ya siku suruali ilipotoka kiwandani. Katika jinzi, nyuzi za mtande ndizo zinazotiwa nili. Za mshindio hubaki nyeupe. Nili nayo hukaa juujuu ya uzi, haizami hadi kiini, ndiyo maana huchakaa kwa jua na msuguano, ikabaki tu palipofichwa. Fundi mwingine angeuficha tena ukanda ule. Yeye anauacha nje, uwe urembo.

Vijisumari vya shaba kwenye pembe za mifuko havigusi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno huko Marekani, alivibuni ili mifuko isichanike, na mwaka 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapewa hataza. Bado vinashika.

Kazi ngumu iko pale miguu miwili inapokutana. Mkato wake umepinda kufuata mwili, na ukiulaza chini unasimama kama nundu. Anafumua mshono wa mbele chini ya zipu, kama vidole vinne, analaza upande mmoja juu ya mwingine, anapapasa kwa kiganja. Nundu ipo. Anafumua matundu mawili zaidi, analaza tena. Nilihesabu mara tano. Ya sita kitambaa kikalala tuli, akakichoma pini.

Sasa ndipo anachukua mkasi. Kutoka kwenye jinzi ya pili anakata vipande viwili vya pembe tatu, cha mbele na cha nyuma, mtande ukisimama wima; ukienda mshazari, sketi itavutika na kuning'inia upande. Kwenye cherehani ya miguu ametia sindano namba 18. Palipo na tabaka nyingi anapaponda kwanza kwa mchi, anaweka kitambaa kilichokunjwa nyuma ya kikanyagio ili kisiinamie, kisha anaacha kupiga miguu na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja, mpaka mlima upite. Sindano haikuvunjika hata mara moja.

Mwisho binti anasimama mlangoni, mama amepiga magoti na kijiti na chaki, akipima kutoka sakafuni kuzunguka pande zote.

"Hooyo," anamwita mama yake kwa Kisomali, "bado?"

"Simama wima."

Alama ya mwisho ilikutana na ya kwanza bila kupishana hata unene wa uzi. Ukiwa na jinzi kuukuu nyumbani, msomaji, usiikimbilie kwa mkasi. Tafuta wembe mkali na mahali penye mwanga, anza na pindo, na uangalie kwanza mshono uliishia upande gani.