Nani Aliyeziunda Galaksi? Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Elimu ya Ulimwengu

Miongoni mwa nyanja za elimu ambazo lugha yetu inaziingia kwa kusitasita ni ile ichunguzayo chanzo cha ulimwengu na jinsi makundi makubwa ya nyota, yaani galaksi, yalivyotokea. Utafiti wake hufanywa katika vyuo vikuu vya mbali, na taarifa hutufikia zikiwa zimekwisha kuvikwa maneno ya Kiingereza. Kazi ya kuyavua mavazi hayo na kuvika mengine humwangukia mfasiri, ambaye aghalabu hana muda wala mtu wa kumwuliza. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache zilizokwisha kuzagaa, na kuonyesha ni zipi zifaazo kuachwa na ni zipi zifaazo kurekebishwa.

Sababu ya kuandika haya tuliipata mkoani Singida. Tulikuwa tumeketi na walimu wa sayansi wa shule za msingi, tukisoma kwa pamoja kijitabu kilichofasiriwa. Sentensi moja ilisema kwamba uundaji wa galaksi ulianza baada ya Mlipuko Mkuu, ukisaidiwa na maada ya giza. Mwalimu mmoja aliweka kalamu chini akauliza: "Nani aliyeziunda?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha. Alieleza kwamba swali hilo wanafunzi wake humwuliza kila afikapo hapo, naye hulijibu nusu kwa sayansi na nusu kwa dini, na darasa hutoka likidhani kwamba vyuo vikuu vimemgundua fundi.

Mwanafunzi aulizaye hivyo anakijua Kiswahili barabara. Jina *uundaji* limetokana na kitenzi *unda*, na kitenzi hicho kinadai mtenda: jahazi huundwa na mwundaji, tume huundwa na mwenye mamlaka. *Uumbaji*, ambalo wafasiri wengine wamelipendelea, lina uzito zaidi, kwani katika matumizi ya kila siku Muumba ni mmoja. Hivyo mfasiri aandikapo mojawapo ya maneno hayo, amekwisha kujibu swali ambalo mtafiti hakuliuliza. Katika Singida jambo hili si dogo. Mwaka 1967 Marguerite Jellicoe alichapisha katika jarida la *Transition* makala juu ya Wanyaturu na namna walivyolisifu jua katika ibada. Leo mkoa huo una Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila. Istilahi ya sayansi haina ruhusa ya kuwaamulia watu hao jambo la imani, wala kwa kuunga mkono wala kwa kupinga.

Tutazame watafiti wenyewe wanasema nini. Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba maada isiyoonekana ilijikusanya kwanza katika mabonge, kisha gesi ikaanguka ndani ya mabonge hayo, ikapoa, na humo nyota zikazaliwa. Mwaka 1984 George Blumenthal, Sandra Faber na Joel Primack wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na Rees, waliiendeleza hoja hiyo kwa kuieleza maada isiyoonekana kuwa ni ya aina iendayo polepole. Mwaka 1992 chombo cha angani kiitwacho COBE kilionyesha kwamba mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa na tofauti ndogo mno za hapa na pale, yapata sehemu moja katika laki moja. Palipozidi kidogo palivuta zaidi, na kadiri palivyovuta ndivyo palivyozidi. Nguvu ya mvutano ilitosha kuyafanya hayo yote. Kwa hiyo tendo tunalotafutia jina ni tendo linalotokea, wala si tendo linalotendwa na mtu.

Kiswahili hakikukosa nyenzo za kusema hivyo. Udongo wa mteremko ukichukuliwa na maji twasema umemomonyoka, na walimu wa jiografia wamepata *mmomonyoko*. Mwamba ukipasuka twapata *mpasuko*; mlima ukiporomoka twapata *mporomoko*. Hakuna aulizaye nani aliyemomonyoa. Kauli ya kutendeka imekwisha kumwondoa mtenda bila kumkana, na hapo ndipo ulipo uzuri wake: aaminiye kwamba nyuma ya yote yupo Mwenyezi hakatazwi kuamini, na asiyeamini halazimishwi.

Walimu wa Singida walileta mapendekezo matatu. La kwanza lilikuwa *kujiunda*. Hili tulilikataa, kwa kuwa kiambishi *-ji-* humfanya mtendwa kuwa mtenda, na galaksi ikaonekana kuwa na nia. La pili lilikuwa *mgando*, nalo lilitoka kwa mtu aliyekulia katika nyumba yenye ng'ombe: maziwa yakikaa huganda mabonge mabonge bila kufinyangwa na mtu. Mfano huu ulitupendeza, zaidi kwa kuwa neno galaksi asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya maziwa. Hata hivyo, kilichoganda kimetulia, hali galaksi haitulii; yetu hii ina nyota zaidi ya bilioni mia moja, na zote zazunguka kitovu chake.

Pendekezo la tatu ndilo tunalolitetea: *mtungamo*, kutokana na *tungama*. Damu hutungama. Ni kitu chepesi kuwa kizito kwa chembe zake kukaribiana. Tena wafasiri wa fizikia wamekwisha kutuachia *tungamo*, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Kwa kuwa tungamo ndilo livutalo, na mtungamo ndio matokeo ya kuvutwa, mwanafunzi atauona uhusiano wa sababu na tokeo katika mzizi mmoja wa neno. Tunatambua pingamizi: maneno mawili yanayokaribiana hivyo yaweza kuchanganywa katika mtihani. Twajibu kwamba *mzunguko* na *mzingo* hukaa pamoja, na walimu huyatenganisha kwa mifano.

Istilahi nyingine tutazipitia kwa ufupi. *Mlipuko Mkuu* sarufi yake haina kosa, lakini maana yake yapotosha. Mlipuko una mahali, una kishindo na una vipande virukavyo. Ulimwengu haukulipukia mahali popote, bali nafasi yenyewe ilitanuka, nayo yaendelea kutanuka tangu miaka bilioni 13.8 iliyopita. Kosa hili hatukulizua sisi. Jina la Kiingereza lilitamkwa na Fred Hoyle katika redio ya BBC mwaka 1949, naye hakuikubali nadharia hiyo. Aliyeitangulia nadharia yenyewe, Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain na padri wa Kanisa Katoliki, alikuwa makini asiichanganye na habari za dini. Kwa kuwa jina limekwisha kuota mizizi, tunashauri liachwe, ila kila mwandishi alitumiapo mara ya kwanza aongeze neno *mtanuko*.

*Maada ya giza* haistahili huruma hiyo. Giza huzuia macho, na mwanafunzi huwaza wingu jeusi. Maada hii huipitisha nuru kama kwamba haipo, nayo yapata sehemu tano kati ya sita za maada yote. Tuseme *maada isiyoonekana*. Ama *Njia ya Maziwa*, tafsiri ya sisisi ya jina la galaksi yetu, ina kichekesho chake. Mji wa Singida una ziwa Singidani na ziwa Kindai. Mtoto wa hapo akisikia njia ya maziwa, ana haki ya kudhani ni barabara ipitayo kati ya hayo mawili. *Njia Nyeupe* latosha, na mtu akitoka nje usiku wa kiangazi, wakati anga la mkoa huo halina wingu, aiona bila kuelezwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kipuuzi mbele ya kazi nyingi zilizopo. Tunawakumbusha yaliyoyapata majina ya sayari. *Utaridi* lilikuwa jina letu la tangu zamani la sayari iliyo karibu zaidi na jua. Kwa sababu Kiingereza huiita sayari hiyo kwa jina lile lile la madini ya majimaji, wafasiri wakaiita *Zebaki*. *Utaridi* likabaki bila kazi, na baadhi ya waandishi wakalipachika kwa Pluto, ambayo mwaka 2006 wanafalaki waliiondoa katika hesabu ya sayari. Kadhalika *Sarateni* na *Kausi*, ambayo ni majina ya buruji, yalitumiwa kama majina ya sayari. Hadi leo mwalimu mwenye vitabu viwili mezani aweza kukuta majibu mawili, na mtoto hukosa alama kwa kosa la mtu aliyefasiri kabla yeye hajazaliwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na katika sentensi hii *liliundwa* ni neno lake hasa, kwa kuwa waliolitunga kwa sheria wanajulikana. Tunaomba galaksi zisiandikiwe kitenzi hicho hicho. Tunapendekeza *mtungamo wa galaksi* ujaribiwe katika miswada ya vitabu na katika madarasa kabla ya kusanifiwa, na kwamba kila mfasiri, amalizapo sentensi yake, aisome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza na asubiri kusikia swali atakaloulizwa. Walimu wenye neno lililo bora kuliko letu tunawasihi walilete, hata likiwa la Kinyaturu, Kinyiramba au Kinyisanzu. *Mtungamo* tutauacha bila kinyongo.