Safari-wima: Kuusoma Mwili wa Kopepodi

Kabla bomba halijafika, mama wa Newala aliishi juu na maji yake yakiwa chini: alishuka ukingo wa uwanda wa Makonde hadi chemchemi ya bondeni, akapanda tena na mtungi kichwani. Wima huo ndio ninaoukuta kwa kopepodi, ndugu mdogo wa uduvi, ambaye spishi zake nyingi hazizidi milimita chache.

Matini yake bora imo katika Bahari ya Arabuni, upande wa Omani, ambako kati ya kina cha takriban mita 150 na 1,000 oksijeni hukaribia kwisha, kwa sababu bakteria wanaoozesha mabaki yanayonyesha kutoka juu huitumia kabla haijajazwa upya. Meli ya Misri Mabahiss ilizipima bahari za eneo hili mwaka 1933 na 1934, ikafika hadi Zanzibar, ikiongozwa na Seymour Sewell, mwenyewe bingwa wa kopepodi.

Kopepodi wa jenasi ya Pleuromamma hupanda usiku kula na hushuka alfajiri mamia ya mita, kwenye giza ambamo samaki wengi hawamudu kumfuata. Ila hapa ulinganisho wa Newala unakoma, na ukomo huo ndio ufunguo wa usomaji wangu: kopepodi hana mtungi. Hawezi kushuka na akiba ya pumzi, hivyo hupunguza kiu yenyewe. Huzima shughuli za mwili, na kinachopelea hukikopa kwa njia isiyohitaji oksijeni, deni analolipa akirudi juu.

Umbo lake zima linaitumikia hoja hiyo. Hana matamvua, hupumua kwa ngozi, na kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo ngozi inavyozidi kwa uwiano na nyama inayoidai. Udogo, basi, ni mbinu. Katika familia ya Eucalanidae mbinu hiyo inasafishwa zaidi: mwili wa majimaji, unaopenyeza nuru, wenye tishu chache za kulishwa, na utulivu mrefu ambao mshairi angeuita kituo.

Ninayemstahi kuliko wote ni kopepodi Lucicutia grandis, aliyeacha safari na kuhamia ukingo wa chini wa ukanda huo wa oksijeni haba, pale oksijeni inapoanza kurudi kidogo kidogo. Chembe za chakula humfikia zikiwa hazijaguswa na wengi, kwa kuwa katika utupu ulio juu yake walaji ni wachache.