Vinyl mbele ya Watazamaji Wake: Ukweli wa Mavazi na Ukweli wa Mkataba

0. Utangulizi

Tarehe 14 Februari 2016, idhaa ya HBO ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya televisheni iitwayo Vinyl, yenye sehemu kumi. Waliyoibuni ni Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, pamoja na Martin Scorsese, Rich Cohen na Terence Winter. Scorsese mwenyewe aliongoza sehemu ya kwanza, ambayo urefu wake unakaribia saa mbili. Kisa kinatendeka New York mwaka 1973. Mhusika mkuu, Richie Finestra, anayeigizwa na Bobby Cannavale, ni mkuu wa kampuni ya sahani za santuri iitwayo American Century, naye yumo katika mazungumzo ya kuiuza kwa kampuni ya Polygram. Siku chache baada ya onyesho la kwanza, idhaa ilitangaza kwamba awamu ya pili itatengenezwa; mwezi wa Juni mwaka huohuo ikaifuta.

Kazi iliyoanza kwa kutegemewa hivyo na kuachwa katika muda wa miezi minne inastahili kuchunguzwa kwa upande wa wapokeaji wake. Makala haya yanapima maoni makuu matatu yaliyotolewa juu yake. Dai lake ni kwamba uhalisi wa mambo ya nje, ambao ndio kipimo kilichotumiwa na wengi, hautoshi. Tamthilia inayohusu biashara ya muziki inapaswa kupimwa hasa kwa namna inavyoonyesha uhusiano kati ya anayeimba na anayeuza.

1. Upeo wa matarajio

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake alioutoa Konstanz mwaka 1967, alieleza kwamba msomaji haijii kazi mpya mikono mitupu. Huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma. Jambo hilo linawahusu watazamaji vilevile. Wako walioijia Vinyl wakiwa na kumbukumbu za miaka ya 1970, wakitaka kuuona tena mji wao na vijana wao. Wako waliozizoea filamu za Scorsese juu ya magenge ya wahalifu, na tamthilia za The Sopranos na Boardwalk Empire ambazo Winter alishiriki kuziandika. Wako pia waliokuja kwa ajili ya muziki tu. Kazi moja ilitakiwa kuziridhisha hadhira tatu, na kila hadhira ikaihukumu kwa sheria yake.

2. Maoni matatu

Maoni ya kwanza yanahusu uhalisi. Watazamaji wengi walisifu mavazi, mitaa, ofisi zilizojaa moshi na sauti ya muziki wenyewe. Hata hivyo, waigizaji waliowekwa badala ya wanamuziki mashuhuri waliwachukiza baadhi yao. Mfano unaojadiliwa zaidi ni jengo la Mercer Arts Center. Katika tamthilia, jengo hilo linaanguka usiku, kundi la New York Dolls likiwa jukwaani, na Richie anatoka kifusini kama aliyezaliwa upya. Katika historia, jengo lilianguka kweli tarehe 3 Agosti 1973, lakini ilikuwa jioni kabla ya maonyesho kuanza. Watu wanne walikufa, na kundi hilo halikuwapo jukwaani.

Je, kuuhamisha wakati wa tukio ni kosa? Mtunzi ana ruhusa ya kuisogeza historia ili ipate maana. Swali la kuuliza ni maana gani imepatikana. Hapa vifo vya watu wanne vimegeuzwa kuwa ishara ya wokovu wa tajiri mmoja. Kwa hiyo malalamiko yana msingi, ila msingi wake hauko katika saa ya tukio.

Maoni ya pili yanahusu msuko. Katika sehemu ya kwanza Richie anahusika katika kifo cha Buck Rogers, mtu mwenye nguvu katika biashara ya redio, na upelelezi wa polisi unaendelea kukifuata kisa. Watazamaji wengi walisema kwamba uhalifu huo uliunyang'anya muziki nafasi yake. Watetezi wa tamthilia wanaweza kujibu kwamba magenge yalikuwamo kweli katika biashara hiyo, na jibu hilo lina uzito: Morris Levy, mwenye kampuni ya Roulette Records, alihukumiwa mwaka 1988 kwa kula njama ya kutoza watu kwa vitisho. Lakini nguvu za mtu kama Levy zilipita katika karatasi, yaani haki za nyimbo, madeni na mikataba. Maiti ya Buck Rogers inamfanya mtazamaji aogope kifungo cha Richie, na akiisha kuogopa hivyo, wizi wa kila siku wa kampuni unaonekana kuwa dhambi ndogo.

Maoni ya tatu yanahusu wahusika. Wengi walichoshwa na mwanamume mwingine tena mlevi, mwenye kipaji na mwenye kuharibu kila anachokigusa, huku wanawake na Weusi wakibaki pembeni. Jamie Vine, msaidizi wa ofisini, ndiye anayeligundua kundi la Nasty Bits, lakini kisa hakimpi uzito anaopewa bwana wake.

3. Lester Grimes

Pembeni huko ndiko iliko nguvu halisi ya kazi hii. Lester Grimes, anayeigizwa na Ato Essandoh, ni mwimbaji Mweusi wa bluzi. Richie alikuwa meneja wake, akamfanya aimbe nyimbo nyepesi za kuuzika, kisha akamwacha mikononi mwa wafanyabiashara wenye uhusiano na genge ili yeye aanzishe kampuni yake. Lester alipokataa kutii, walimpiga hadi koo lake likaharibika. Mwaka 1973 tunamkuta akiangalia jengo la nyumba za kupanga katika mtaa wa Bronx. Baadaye anakuwa meneja wa Nasty Bits, na anawaonyesha vijana hao Weupe jinsi nyimbo nyingi zinavyosimama juu ya mapatano machache yaleyale ya gitaa.

Humo dhamira na fani zinakutana. Mtu aliyenyang'anywa sauti anawafundisha wengine kuimba, na mapato yatakwenda kwa kampuni ileile. Jina la tamthilia lenyewe lingeweza kulibeba jambo hilo. Sahani za zamani za shelaki zilivunjika kwa urahisi, na kampuni zilikata sehemu ya mirabaha ya wasanii kufidia zile zilizovunjika. Zilipokuja sahani za vinili, ambazo hazivunjiki hivyo, makato hayo yaliendelea kuandikwa katika mikataba mingi.

4. Mwimbaji na mkataba: mfano wa Dibango

Kwa msomaji wa Kongo swali hili si geni, na mwaka 1973 wenyewe unatoa mfano. Mwaka huo "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kameruni, iliyorekodiwa 1972, ilichezwa sana katika kumbi za New York na kufika nafasi ya 35 katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani. Dibango alikuwa amepitia shule ya muziki wetu: alipiga saksofoni pamoja na African Jazz ya Joseph Kabasele, na aliishi Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1982 Michael Jackson alitumia maneno ya wimbo huo katika wimbo wake mmoja, na Dibango akalazimika kudai haki yake hadi wakapatana nje ya mahakama. Sauti ilivuka bahari kwa siku chache. Malipo yalihitaji mawakili na miaka.

5. Hitimisho

Watazamaji wa Vinyl walihisi vema kwamba kuna kitu kimekosekana, ingawa wengi walikitafuta katika nywele za waigizaji na tarehe za matukio. Kilichokosekana ni subira ya kukaa na Lester. Kasoro hii haiufuti uzuri wa mandhari wala ustadi wa Essandoh, lakini inaeleza kwa nini kazi yenye fedha na majina makubwa kiasi hicho ilikosa uzito. Mwanafunzi atakayeichunguza filamu au tamthilia yoyote ya muziki, iwe ya New York au ya Kinshasa, aanze kwa kuuliza nani alitia sahihi, nani alilipwa, na mtunzi amempa kila mmoja wao muda gani wa kusema.