Kukagua sanamu ya bronzi ya Kifaransa: mhuri uje mwisho

Sanamu nyingi za bronzi zilizotoka Paris karne ya 19 hazimwonyeshi mtu fulani. Zinaonyesha wazo lililovishwa mwili: Uhuru, Utukufu, Kazi, Maendeleo. Kwa hiyo ukaguzi uanzie pale wazo lilipobebwa.

Chukua sanamu ya Gloria Victis ya mchongaji Antonin Mercié, yaani "Utukufu kwa walioshindwa". Ilionyeshwa Paris mwaka 1874, Ufaransa ikiwa bado inauguza kipigo cha Prussia cha 1870 na 1871. Mwanamke mwenye mabawa, kavaa deraya, amembeba askari kijana anayekata roho; mkononi mwa kijana umebaki upanga uliovunjika. Kiwanda cha Ferdinand Barbedienne kilitoa nakala ndogo za sanamu hiyo, kwa mashine ya Achille Collas ya kupunguza vipimo.

Upanga. Tazama pale ulipokatikia. Ukiwa umeviringika kama sabuni iliyotumika, kushindwa hakuonekani tena, na sanamu imebaki pambo.

Manyoya na nywele. Sanamu ikishatoka kwenye kalibu, fundi huipitia kwa tupa na patasi. Nakala nzuri ina unyoya mmoja mmoja wenye ukingo wake.

Kipimo. Bronzi husinyaa inapopoa. Nakala iliyosubiwa kutokana na nakala nyingine huwa fupi kidogo, na sura yake hufifia. Ilinganishe na vipimo vya nakala za kiwandani.

Madini. Ipindue, utafute mkwaruzo wa zamani chini ya kitako. Bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, hung'aa kwa rangi ya dhahabu. Kijivu ni zinki, iliyotumika sana kwa sanamu za bei nafuu.

Rangi. Weusi au hudhurungi yake ni kazi ya dawa na moto. Miaka ya kushikwa na kufutwa vumbi huchubua kwanza sehemu zilizojitokeza, kama magoti na ncha za mabawa. Rangi iliyo sawa kila mahali yaweza kuwa imepakwa juzi.

Mhuri. "F. Barbedienne Fondeur" (yaani msubu) na mhuri wa duara wa Collas ni ushahidi mzuri, lakini maandishi nayo hunakiliwa. Herufi zikiwa kali ilhali manyoya ni butu, shuku kwamba jina liliongezwa baadaye, na usilipie bei ya Barbedienne.